Maswali Yenu: Pembe Zinazodondoka, na Reindia Waliomaliza Kisiwa

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu za kulungu nikadhani nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka nikashindwa kuzisoma zote kwa siku moja. Zilizofanana nimeziunganisha, na yule aliyetaka kujua nyama yake inapikwaje anisamehe, hapa si jikoni.

Jina kwanza, maana wengine mmenikosoa na mna haki. Kulungu yule wa vichakani Afrika ni jamii ya swala. Ninaowaongelea mimi ni familia nyingine kabisa, wale wenye pembe za matawi matawi wa Ulaya, Asia na Amerika, Kiswahili hakijawapa jina lao peke yao kwa hiyo wanaazima hilohilo la kulungu na sisi tunaenda nalo. Afrika nzima ina mmoja tu wa asili wa familia hiyo, kulungu mwekundu wa misitu ya kaskazini, upande wa Algeria na Tunisia. Haya, tuingie.

Shikamoo mwalimu. Mimi najua pembe ya ng'ombe ikivunjika ndo imevunjika. Sasa nasikia kulungu anaangusha zake kila mwaka halafu zinaota upya, ni kweli au stori tu? Na hasikii maumivu? (Mjukuu wa Mchungaji)

Marahaba mjukuu. Ni kweli, na ukijua inavyotokea utaona ng'ombe wako ni mnyama wa kawaida sana.

Pembe ya ng'ombe au mbuzi au swala ina mfupa ndani na ganda nje, ganda lenyewe ni kitu kilekile cha kucha na kwato, inakua kuanzia chini polepole maisha yote. Ya kulungu ni mfupa mtupu. Inaanzia kwenye vishina viwili vya mfupa juu ya fuvu, na wakati inakua inakuwa imevikwa ngozi yenye vinyweleo laini kama kitambaa cha mahameli, ngozi hiyo imejaa damu na mishipa ya fahamu, ukiigusa ina joto. Inakuaje sasa? Kwa wale wakubwa inaweza kuongezeka sentimita 2 kwa siku moja, hakuna mfupa wa mnyonyeshaji mwingine unaokimbia hivyo. Madini ya kujenga kitu kikubwa hivyo kwa miezi mitatu minne hayapatikani yote kwenye majani, kwa hiyo mwili unakopa kwenye mbavu zake wenyewe, mbavu zinakuwa dhaifu kwa muda, halafu deni linalipwa baadaye.

Kinachoendesha yote hayo ni mwanga. Siku zikianza kufupika homoni ya kiume inapanda, damu inakatika kwenye ile ngozi, inakauka, na dume anaanza kujisugua kwenye vichaka mpaka inachunika vipande vipande vinaning'inia usoni na damu juu. Ukimwona siku hiyo utadhani kashambuliwa na chui. Hapo ndo anabaki na pembe ngumu ya kupigania majike. Msimu ukiisha homoni inashuka, seli zinazokula mfupa zinatafuna ule mstari kati ya pembe na kishina, na siku moja anainamisha kichwa tu, pembe hiyo chini. Kidonda kinatoka damu kidogo, kinafunga gamba, mzunguko unaanza tena.

Maumivu: pembe ngumu imekufa tayari, ikidondoka ni kama wewe kukata kucha. Ile ya mahameli ndo inauma na ntairudia kwenye swali la ufugaji.

Ninayo moja mezani, zawadi ya rafiki, hata sasa naandika inanikandamizia karatasi. Chini ilipoachia pamevimba duara lenye vinundu kama tumbawe, na katikati pana kovu lenye vitundu vidogo kama mkate uliochacha vizuri. Ukipitisha kidole kwenda juu unasikia vijito vimechimbwa kwenye mfupa, ndimo ilimopita mishipa ya damu wakati iko hai. Nikikosa la kuandika nazifuata hizo njia kwa kidole.

Na wale mliouliza kuhusu kuhasi: ukihasi dume mwenye pembe ngumu zitaanguka ndani ya wiki chache hata kama si msimu wake, ukimhasi zikiwa bado na mahameli hazikauki tena wala hazidondoki, anabaki nazo hivyohivyo. Homoni ndo bosi.

Jike ana pembe? Tulibishana ofisini. (Kundi la Watano)

Hana, isipokuwa reindia, yule kulungu wa nchi za baridi kali za kaskazini. Na kwa reindia kuna kaujanja: madume makubwa wanaangusha zao mara baada ya msimu wa kupandana, jike mwenye mimba anabaki na zake mpaka karibu na kuzaa, kwa hiyo katikati ya theluji akichimba shimo la chakula yeye ndo mwenye silaha. Upande mwingine yupo kulungu maji wa China na Korea, huyo hata dume hana pembe, ana meno mawili marefu yametokeza kama ya filamu za kutisha. Aliyeshinda ubishi anunuliwe soda.

Nikihesabu matawi ya pembe napata umri wake? (Msomaji wa Siku Zote)

Hapana. Matawi yanategemea umri, ndiyo, ila pia lishe, afya na ukoo, na dume akizeeka pembe zinarudi nyuma zinakuwa ndogo. Watafiti wakitaka umri wa mnyama aliyekufa wanachukua jino, wanalikata, wanaliangalia kwa hadubini, kwenye mzizi kuna tabaka tabaka za kila mwaka kama pete za mti.

Mwalimu, nimeona mtandaoni wanasayansi wameotesha pembe za kulungu kwenye kichwa cha panya. Nikasema hii sasa ni uchawi. Halafu dukani wanauza vidonge vya pembe changa ati vinatibu magoti. Naomba ukweli, magoti yangu mabovu. (Mama wa Magoti)

Pole dada. La panya ni kweli, la vidonge ntakuangusha.

Mwaka 2023 watafiti wa China walichapisha kwenye jarida la Science kazi yao juu ya kulungu sika, aina moja ya Asia Mashariki. Walichambua pembe seli kwa seli kuanzia kabla haijadondoka mpaka mpya inapoota, wakapata kundi la seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zenye nguvu ya ajabu ya kujenga upya, wakazipandikiza kwenye panya wa maabara, siku 45 baadaye panya ana kinundu cha gegedu na mfupa kinachofanana na pembe inayoanza. Si matawi, usije ukawaza panya anatembea na mti kichwani, ni kinundu.

Kwanini wanahangaika na hili? Kwa sababu ni kiungo kizima, kina mfupa, ngozi, damu, mishipa ya fahamu, na kinaota upya kila mwaka kwa mnyama anayenyonyesha kama sisi. Binadamu akikatika kidole ndo basi. Lakini kinachonisisimua mimi zaidi ni kazi nyingine ya 2019 kwenye jarida hilohilo. Waliangalia jeni zinazofanya kazi pembe ikiwa inakua wakakuta zinafanana na za saratani ya mfupa kuliko za mfupa wa kawaida. Yaani pembe inakimbia kwa gia ya saratani. Tofauti ni kwamba kulungu ana breki pia, jeni zake za kuzuia uvimbe zimenolewa na mageuzi, ndo maana kasi ile yote haimletei madhara, na kwa ujumla familia hii haipati saratani sana. Mtu akielewa hizo breki vizuri, hapo tutakuwa na la kuongea.

Sasa vidonge. Seli hai zilizopandikizwa maabara na unga wa pembe iliyokaushwa ni vitu viwili tofauti kama mbegu na ugali. Ukimeza unga tumbo linausaga kama chakula kingine. Majaribio kwa watu wenye ugonjwa wa viungo hayajaonyesha faida ya maana kuliko kidonge cha bandia. Hela hiyo mpelekee daktari wa mifupa.

Habari mwalimu. Nina ng'ombe na kondoo, nimesoma kwamba kuna nchi wanafuga kulungu kama mifugo. Huyu mnyama anafugika kweli au ni kubahatisha? (Mfugaji Mwenye Hamu)

Anafugika, ila si ng'ombe, na wengi waliopata hasara walimchukulia kama ng'ombe mwenye miguu myembamba.

Walioenda mbali ni New Zealand. Kule hakukuwa na kulungu kabisa, walowezi wakawapeleka karne ya 19 kwa ajili ya kuwinda, wakazaana mpaka wakawa janga kwa misitu na serikali ikawa inalipa watu kuwapiga risasi. Baadaye mtu akapiga hesabu kwamba nyama hii ina soko, leseni ya kwanza ya shamba ikatoka 1970, na miaka ile vijana walikuwa wanaruka kutoka kwenye helikopta kumkumbatia kulungu hai ili apelekwe shambani. Sikutanii. Mwaka huohuo 1970 Scotland nao walianza shamba la utafiti pale Glensaugh. Na Mauritius, Waholanzi walileta kulungu wa Java mwaka 1639, mpaka leo wapo na wanafugwa.

Utafiti ulipoanza kitu cha kwanza kilichowashangaza ni tumbo. Majira ya baridi walimwekea chakula kingi kizuri, akala kidogo. Si ugonjwa, mwili wake umepangwa kwa urefu wa siku kupunguza hamu ya kula baridi ikija hata kama hori limejaa, halafu mwanga ukirudi anakula kama hajawahi kula. Na dume kwenye msimu wa majike anasahau chakula kabisa, anaweza kupoteza karibu moja ya tano ya uzito wake kwa kunguruma na kupigana. Ukimlisha kwa ratiba ya ng'ombe unatupa chakula miezi fulani na kumpunja miezi mingine.

Kalenda hiyohiyo ndo iliwaumiza kichwa New Zealand. Mimba ya kulungu mwekundu ni kama siku 233, majike wanazaa Novemba na Desemba, wakati majani bora yanakuja mapema kidogo kabla ya hapo, kwa hiyo mama anahitaji maziwa mengi wakati nyasi zimeanza kukauka. Wakajaribu kumdanganya kwa kumwekea chini ya ngozi melatonini, ile homoni ya giza, mwili udhani siku zimeshafupika uanze msimu mapema, na inafanya kazi. Kuna jaribio jingine nalipenda zaidi, la 1987, mtafiti Karen McComb aliwachezea majike wa shambani kaseti ya mngurumo wa dume, wakaingia kwenye joto mapema kuliko waliokaa kimya. Kaseti tu hiyo, dume mwenyewe hayupo.

Halafu hofu. Kulungu akikimbizwa sana misuli inaharibika kwa ndani, uchafu wake unaenda kuziba figo, unaweza kumwona amesimama mzima jioni asubuhi umkute amekufa. Ndo maana mabanda yao ya kushikia yana giza kidogo na kuta zisizoonyesha nje, watu hawapigi kelele, na uzio unafika mita 2 hivi maana anaruka.

Na kondoo wako, ndugu yangu, hapo ndo nasita. Kondoo anabeba kirusi cha homa kali ya kamasi, si mafua ya kawaida, bila yeye kuumwa, ni ndugu wa kile ambacho wafugaji wa ng'ombe wanakiogopa kwa nyumbu. Kikimpata kulungu, mara nyingi ni kifo. Wataalamu wanashauri msiwachanganye. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho anakipata na anaweza kukirudisha kwa ng'ombe, kwa hiyo upimaji ni lazima.

Pembe za mahameli, ambazo wengine wanafugia hizo tu, zinakatwa zikiwa hai. New Zealand inaruhusu kwa ganzi na kwa mtu aliyefunzwa, Uingereza ilipiga marufuku tangu 1980. Mimi binafsi nikikumbuka ule ujoto wa ngozi yake niko upande wa Uingereza, lakini sifugi, kwa hiyo ni rahisi kwangu kusema.

Kabla ya yote uliza idara ya wanyamapori ya nchi yako, kuingiza mnyama mgeni si jambo la kuamua na shemeji.

Nikiwa masomoni Ulaya nilikuta mtoto wa kulungu kwenye nyasi, peke yake, hatikisiki. Niliondoka nikamwacha, roho inaniuma mpaka leo. (Aliyeondoka)

Iache kuuma, ulifanya sawa kabisa. Mama anamficha makusudi. Anaenda kula mbali ili harufu yake isimwelekeze adui, anarudi mara chache kwa siku kunyonyesha, na akimnyonyesha anamlamba na kula hata kinyesi chake kusudi pasibaki harufu. Mtoto naye akihisi hatari anajibana chini na mapigo ya moyo yanashuka ghafla. Wewe uliona yatima, kumbe uliona mtoto anayefuata maelekezo ya mama yake. Wanaowabeba kuwapeleka nyumbani ndo wanaowafanya yatima. Ukimkuta amejeruhiwa, au mama amekufa pembeni, hapo piga simu kwa wahusika.

Tabia hiyohiyo inamponza kwenye mashine za kukata nyasi, maana hakimbii. Ujerumani wanarusha droni zenye kamera ya joto alfajiri kabla jua halijapasha shamba, mtoto anaonekana kama doa jeupe, mtu anaenda kumtoa kwa glavu na majani mkononi asimwachie harufu.

Kama alikuwa mdogo wa madoa kwenye shamba la nyasi, yawezekana ni wa aina ya ro, kulungu mdogo wa Ulaya. Huyo kuna kisa. Wanapandana Julai na Agosti, mtoto anazaliwa Mei au Juni, na kwa mnyama mdogo vile hesabu ilikuwa haiingii akilini. Mwaka 1854 mwanasayansi Bischoff akaeleza: yai linatungwa kweli kiangazi, ila kiinitete kinakaa kinaelea tumboni kama miezi mitano bila kujishikiza, mpaka karibu na mwaka mpya ndo kinaanza kukua.

Hii habari ya "kulungu zombi" ni nini? Nyama yake ni salama? (Mpenda Nyama)

Jina la magazeti hilo, silipendi. Ugonjwa wenyewe ni wa kukonda na kudhoofika, ulionekana kwanza 1967 kwenye kituo cha utafiti Colorado, Marekani. Walidhani ni lishe. Mwaka 1978 daktari wa mifugo Beth Williams alipoangalia ubongo akakuta umetobokatoboka kama sifongo, ni familia moja na ule wa ng'ombe vichaa. Si bakteria wala kirusi, ni prioni, protini iliyojikunja vibaya inayozigeuza nyingine. Inatoka kwa mate, mkojo, kinyesi na mzoga, inakaa ardhini miaka, na kupika hakuiui. Mnyama anaweza kubeba mwaka mzima na zaidi anaonekana mzima.

Norway iliugundua kwa reindia wa porini mwaka 2016, wakaamua kuua kundi zima la Nordfjella, zaidi ya 2,000. Uamuzi mgumu, na bado mwaka 2020 ukaonekana kwenye nyanda za Hardangervidda. Kwa binadamu hakuna aliyethibitika kuupata, lakini ushauri ni usile mnyama aliyepimwa akakutwa nao, na usile mnyama aliyeonekana mgonjwa. Mimi ningefuata.

Kwanini nchi moja inawahifadhi kulungu na nyingine inawapunguza kwa bunduki? Si unafiki? (Mwanafunzi wa Fomu Sita)

Hapana mwanangu, ni hesabu tofauti. Chukua pande mbili.

Mwaka 1865 padri Mfaransa Armand David alichungulia ukuta wa bustani ya kuwindia ya mfalme karibu na Beijing, akaona kulungu wa ajabu, mkia mrefu kama wa punda. Ni milu. Porini alishakwisha zamani, waliobaki walikuwa humo ndani. Wachache wakapelekwa Ulaya. Mwaka 1895 mafuriko yakabomoa ukuta, walionusurika wakaliwa kwenye vurugu za 1900, China ikabaki bila. Duke wa Bedford, mkabaila wa Uingereza, akakusanya 18 kutoka bustani za wanyama Ulaya akawaweka kwenye shamba lake la Woburn, na kati ya hao 11 tu ndo walizaa. Mwaka 1985 wakarudishwa kwenye bustani ileile ya Beijing, mwaka uliofuata 39 wakapelekwa Dafeng, pwani. Leo wapo maelfu. Vitabu vingekwambia ukoo wa watu 11 utakufa kwa kuoana ndugu kwa ndugu, wao wakakataa.

Upande wa pili, kisiwa cha St. Matthew, bahari ya Bering, kati ya Alaska na Urusi. Mwaka 1944 walinzi wa pwani wa Marekani walishusha reindia 29 wawe akiba ya chakula kwa watu wa kituo kidogo cha vita. Vita ikaisha, watu wakaondoka, reindia wakabaki na kisiwa kilichojaa kuvumwani, ile mimea kama ukoga inayotambaa ardhini na kwenye mawe, bila hata mbwa mwitu mmoja. Mwaka 1963 walikuwa 6,000. Baridi iliyofuata ikawa kali, kuvumwani kilishatafunwa mpaka mwamba, na mtafiti David Klein aliporudi 1966 alihesabu 42, majike 41 na dume mmoja mwenye pembe zisizo za kawaida, asiyeonekana wa kuzalisha. Wakaisha kabisa.

Kwa hiyo anayepunguza kwa bunduki mahali pasipo na mbwa mwitu anakimbia St. Matthew. Unaweza kubishana naye namba, wengi wanabishana, lakini anachokikimbia kipo.

Swali dogo: kulungu anakula nyama? (Mtoto wa Darasa la Nne, kwa simu ya mama)

Swali dogo zuri kuliko yote. Kwenye kisiwa cha Rum, Scotland, ambako watafiti wanawafuatilia kulungu wekundu mmoja mmoja tangu miaka ya 1970, wanawajua kwa sura na kwa ukoo, wameonekana wakitafuna vichwa na miguu ya vifaranga wa ndege wa baharini. Udongo wa kule hauna madini ya kutosha na pembe inadai mfupa. Nyama yenyewe ya kifaranga mara nyingi anaiacha palepale. Mwambie mama asante kwa simu.